Koti la Mvua Lisilo na Vifungo

3 Machi

Mwanangu mpenzi, kitindamimba wangu,

Natumaini barua hii inakukuta umekula, umelala na hujalowa. Sisi wazima. Kaka yako dereva amepewa lori jipya, na kila mchana analiegesha mbele ya dirisha langu, mpaka nimwambie aliondoe linaniziba mwanga. Ila simwambii mpaka wateja wote wawe wameshaliona. Mjomba wako goti bado linamsumbua. Paka amezaa ndani ya kapu la vitambaa, watoto wanne, mmoja miguu mirefu kama yako.

Mimi niko pale pale kwenye cherehani. Kazi ni nyingi, sisemi kwa kujisifu, ni vile tu mwanamke anayetaka kola imkae hana pengine pa kwenda. Jana Mama Mikufu alifuata gauni lake. Unamkumbuka, jirani yetu wa mikufu mitano shingoni. Nilimwahidi Ijumaa. Akaniuliza, "Ijumaa ipi, maana hii ni ya tatu?" Nikamwambia, "Shoga yangu, Ijumaa ziko nyingi, kiuno chako ni kimoja, niache nikishonee vizuri." Akacheka, akavuta benchi akakaa. Ndiyo kazi yetu, nilikufundisha tangu ulipokuwa unaniokotea pini sakafuni: mteja mdanganye siku ukitaka, lakini inchi usimdanganye. Siku ikipita atanuna na kusahau. Inchi ikikosewa atatembea nayo mwilini.

Sasa jambo langu. Nimenunua fremu ya picha na kuitundika ukutani juu ya cherehani. Iko wazi. Watu wakiuliza nawaambia ni ya picha ya mwanangu akiwa kando ya lile ziwa alilonisimulia, amevaa gauni la kijani nililomshonea. Nimewaambia pia kwamba wewe ndiye mkubwa wa kiwanda hicho cha kufulia. Kwa hiyo tafuta Jumamosi yenye jua, upigwe picha.

Na mkasi wa babu yako nimeunoa, nimeupaka mafuta, nimeufunga kwenye flana. Mimi siugusi, natumia ule wangu. Miaka yako miwili ya mkataba huko ikiisha utakuja kusimama kwenye meza ya kukatia, mimi nikae nishone. Hakuna mkono unaokata kitambaa kama wako, hata huu wangu, na unajua mimi si mtu wa kukubali hivyo.

Usinipigie simu kwa ajili ya hili. Simu ikikatika, maneno nayo yamekwenda. Barua yako naisoma mara nane.

Mama yako


24 Machi

Shikamoo Mama,

Barua yako imefika jana, bahasha imelowa lakini maneno makavu. Nimefurahi kwa lori la kaka, mwambie atengeneze na breki, asibaki kuonyesha rangi tu. Mjomba mpe pole. Yule paka wa miguu mirefu usimgawe.

Huku ni mvua, Mama. Si mvua ya kishindo kama ya kwetu inayopiga bati ikaondoka. Hii inakaa kama mgeni asiyeaga. Inanyesha ninapokwenda kazini, inanyesha ninaporudi, na viatu vyangu viwili havijawahi kukauka kwa pamoja. Chumba chetu kina dirisha moja na waya wa kuanikia, basi mimi na mwenzangu tunalala chini ya soksi. Mwenzangu huyu anapika kwenye jiko la shule, nimezoea kumwita Mpishi. Anakusalimu sana.

Mama, mimi si mkubwa wa kiwanda. Nasimama kwenye mtambo wa kupigia pasi shuka za hoteli. Kuna magogo mawili ya chuma yenye moto, yanazunguka, sisi wawili tunashika ncha za shuka na kuyalisha. Upande wa pili inatoka imenyooka kama karatasi. Ni kazi nzuri, lakini tafadhali usiseme mimi ni mkubwa.

Picha utaipata. Jumamosi hii, tarehe ishirini na nane, mimi na Mpishi tumepanga kuvuka ziwa kwa boti. Ng'ambo kuna bustani na ngazi za mawe zinazoshuka mpaka majini. Gauni la kijani nimelipiga pasi tayari. Mpishi ameazima kamera. Tumekubaliana, mvua ikitaka inyeshe Jumapili.

Mwanao


16 Aprili

Mwanangu wa ng'ambo ya ziwa,

Marahaba, na asante kwa barua. Huku tumeamka salama. Goti la mjomba wako limepata dawa ya kuchua, sasa linanuka kuliko linavyouma. Kaka yako breki ametengeneza, amenuna lakini ametengeneza.

Barua nimewasomea wote waliokuwa kwenye benchi. Nilisoma vizuri, napumzika penye nukta, kama ulivyokuwa unanisomea wewe. Pale kwenye magogo ya moto nilipita haraka, na pale uliposema si mkubwa niliona maandishi hayasomeki, nikapageuza. Walipenda mno ngazi za mawe. Mama Mikufu akasema, "Kumbe wenzetu Jumamosi wanavuka maziwa, sisi tunavuka madimbwi." Nikamwambia kila mtu na uzazi wake.

Kwa hiyo picha iko njiani, naamini. Fremu nimeifuta vumbi.

Kwa ajili ya hiyo mvua yako nimeamua kukushonea koti. Kitambaa nimeshakipata, kizito, maji yakikigusa yanateleza, rangi ya bluu iliyoiva. Litakuwa na kofia, mifuko miwili mirefu, na vifungo kumi mbele, na kila tundu la kifungo nitalishona kwa mkono. Mashine ingeweza, lakini nataka watu wa huko waulize nani amekushonea. Vipimo vyako ninavyo kwenye daftari. Niambie tu kama umenenepa au umekonda, unitumie inchi mpya, nikate.

Mama yako


20 Mei

Shikamoo Mama,

Natumaini nyote wazima. Mimi mzima. Nisamehe kwa mwandiko, naandika ndani ya basi na barabara ni mbovu. Nisamehe pia kwa kuchelewa, kazi zilikuwa nyingi.

Jumamosi ile ilinyesha. Boti hazikuondoka. Jumamosi iliyofuata nayo mvua. Hii iliyopita tulifika mpaka kituoni, tukarudi. Tumepanga tena wiki ijayo kama mbingu zitafunguka. Kwa hiyo picha bado, Mama. Wape pole watu wa benchi.

Asante kwa koti. Naomba usiweke vifungo. Lishone la kuvaliwa kichwani kama sweta, shingo pana, mbele pasiwe na kitu cha kufunga wala kufungua. Huku ndivyo wanavyovaa.

Vipimo vipya ni hivi. Kifua kimepungua inchi moja na nusu. Kiuno kimepungua mbili. Urefu vile vile. Mkono wa kulia, uongeze upana inchi mbili na nusu, kuanzia kwenye kiwiko mpaka mwisho. Mkono wa kushoto uache kama ulivyo kwenye daftari.

Kofia iwe kubwa.

Mwanao


11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Huku wote wazima, kaka yako anakusalimu, mjomba anakusalimu, paka watatu nimewagawa, wa miguu mirefu yupo.

Mwandiko gani huu? Wewe ndiye uliyeandikia mtaa mzima kadi za harusi, watu wanakuja na karatasi wanakupigia foleni. Huu ni kama kuku kakanyaga wino. Mwambie dereva wa basi hilo mama yako hajafurahi.

Na vifungo vimekukosea nini? Kumi nimeshavichagua, vyeusi, vizito. Nguo ya kuvaa kichwani ni ya mtoto wa darasa la kwanza, anayetoka mbio. Mama Mikufu naye hanipi nafasi. Kila akikaa anaitazama fremu, anasema, "Hilo ziwa lako lina jina, au nalo ni la Ijumaa?" Nilicheka kwa sababu wateja walikuwepo. Lakini sikupenda.

Hapo juu niliandika juzi. Nimeiacha barua siku mbili, sasa naendelea.

Jana asubuhi nilitandika kitambaa mezani, nikachukua chaki nichore koti lako. Mgongo nikachora. Mbele nikachora. Nikachora mkono wa kushoto kama ulivyo kwenye daftari. Nikafika mkono wa kulia, inchi mbili na nusu zaidi, kuanzia kwenye kiwiko. Chaki nikaiweka chini.

Nimeshona miaka thelathini na moja. Nimeshonea wajawazito, nimeshonea mwenye kibyongo, nimemshonea yule mzee mwashi siku zile alipoanguka kwenye jengo. Anayehisi baridi huongeza mikono yote miwili. Aliyenenepa huongeza mikono yote miwili. Anayeongeza mmoja ana kitu ndani ya ule mmoja. Na mwashi naye aliniambia, mama, usiniwekee vifungo.

Sasa Jumamosi zako nimezisoma upya zote, nimezipanga mezani. Mvua, mvua, wiki ijayo. Mwanangu, umenipa Jumamosi kama ninavyompa Mama Mikufu Ijumaa. Umenifanya mteja. Lakini ulipofika kwenye inchi umeshindwa kunidanganya, maana nilikulea mwenyewe.

Sitaki maneno mengi. Nataka kipimo. Weka kiganja cha kulia juu ya karatasi, zungusha kalamu pembeni yake, nitumie karatasi hiyo. Koti sitalikata mpaka ije.

Mama yako


5 Julai

Shikamoo Mama,

Wasalimie wote.

Karatasi ni hii. Kalamu nimeizungusha mwenyewe kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana mstari unatetemeka. Usidhani umekosea kuona. Kidole cha shahada na cha kati vinaishia hapo.

Ilikuwa Jumamosi ile ile ya tarehe ishirini na nane. Kuhusu mvua ya siku hiyo sikukudanganya. Tulikuwa tumeshavaa, kamera iko mkobani, wakatangaza boti haziondoki. Tukarudi chumbani. Msimamizi wangu akapiga simu kuuliza nani yuko tayari kuingia, hoteli zina wageni wengi na shuka hazikauki kwa hali ile ya hewa. Nikaona kuliko kukaa chini ya soksi, niende. Nilivua gauni la kijani, nikavaa la kazi. Shuka moja ilijikunja kwenye gogo. Nikaingiza mkono kuinyoosha. Kitambaa kikijikunja tunakinyoosha, Mama, mkono hauulizi kwanza. Nimekifanya hivyo mezani kwako maisha yangu yote.

Nilikaa hospitali wiki tano. Mkono ulifungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Mpishi alinivalisha, alinifunga vifungo, alinisuka nywele vibaya sana. Zile Jumamosi nyingine zote hatukupanga kitu. Nilizitunga. Baada ya ile ya kwanza nikaona mvua ni kisingizio kisichokuwa na mwisho, maana huku kila ukitazama dirishani ni kweli.

Msimamizi ameandika kwenye ripoti kwamba nilifanya uzembe. Kwa sasa wameniweka kwenye kuhesabu taulo. Kama wataniweka mwaka ujao au hapana, hawasemi.

Ulitaka kipimo nimekupa. Naomba usiniulize kwa nini nilificha, kwa sababu unajua. Ulinoa mkasi. Uliufunga kwenye flana. Kila barua nilikuwa naufungua ule mkasi kichwani, natafuta kidole cha kuuingiza.

Usiwasomee watu wa benchi barua hii.

Mwanao


30 Agosti

Mwanangu, mwanangu,

Marahaba. Wazima wote. Barua yako nimekaa nayo zaidi ya mwezi, na najua huko ulikuwa unahesabu siku. Ulidhani nimekasirika. Siku ya kwanza nilikasirika kweli. Nilimkasirikia msimamizi, nikaikasirikia mvua, nikamkasirikia na huyo paka wa miguu mirefu, akakimbilia kwa jirani. Siku ya pili nilijikasirikia mwenyewe. Mtoto analala hospitali wiki tano, na mimi niko hapa nafuta fremu vumbi.

Barua sikuwasomea. Nilifunga mlango mchana kweupe, Mama Mikufu akagonga, "Fundi, leo Ijumaa." Nikamwambia sishoni. Akasema, "Basi nitakaa hapa nje." Alikaa mpaka saa kumi na moja, hakuuliza kitu. Yule mwanamke nimemsema vibaya miaka mingi.

Ila kitu kimoja nimewaambia. Nimewaambia mwanangu si mkubwa wa kiwanda, alikuwa anapiga pasi shuka, na nilisema uongo mimi, si wewe. Mama mmoja akasema tulijua. Walijua wote. Ningekuwa najua kwamba wanajua, nisingejichosha.

Sasa nisikilize. Sijachelewa kujibu kwa kukosa la kusema. Nilikuwa na kazi. Nilifungua flana nikautoa mkasi wa babu yako. Nikaweka mkono wangu wa kulia mgongoni, nikaufunga na mkanda wa gauni nisije nikadanganya, nikajaribu kukata kwa kushoto. Siku tatu za kwanza niliharibu matambara tu. Mkasi ule umetengenezewa mtu wa mkono wa kulia, ukiushika kwa kushoto unafunika mstari, huoni unakokwenda, na kidole gumba kinavimba. Nililia, nakuambia ukweli. Si kwa kidole. Siku ya nne nikageuza meza, nikasimama upande wa dirisha, nikazungushia kitambaa kwenye mpini. Wiki ya pili nilikata pindo moja lililonyooka. Wiki ya nne nimekata rinda zima, vipande sita, kwa mkono huo wa kushoto, nikalishona. Mama Mikufu amelivaa na hajui mpaka leo. Na sijisifu, ingawa nani mwingine mwenye miaka yangu angeweza, nitajie.

Haliwi kama lako. Nisikudanganye, maana hizi ni inchi. Wewe ulikuwa unakata kama mtu anayesoma, mimi kwa kushoto nakata kama anayeendelea kujifunza herufi. Kona ya kwapa bado inanishinda. Lakini meza nimeshaigeuza na siirudishi. Ukija utaikuta iko upande wa dirisha.

Kama hutaki kuja, kaa. Kama hao wakubwa wako hawasemi, waulize, usikae unawasubiri kama mteja. Na ile ripoti ya uzembe usiinyamazie. Waambie waite fundi yeyote duniani wamuulize, shuka ikijikunja mkono wake unakwenda wapi.

Koti ndilo hili kwenye kifurushi. Halina vifungo. Mkono wa kulia nimeupanua inchi mbili na nusu kama ulivyotaka, ila ndani nimeushona kwa mshono mrefu unaofumuka upesi, ili bandeji ikiisha ufumue na kuupunguza. Kofia kubwa. Mfuko wa kushoto ni mrefu, unaweka mpaka chupa.

Mfuko wa kulia sikuuweka. Kitambaa kilitosha. Nilikaa nikafikiri, nikasema hapana, nikiuweka najua atauweka mkono gani humo na hautatoka.

Jumamosi utakayolipokea, livae, utoke. Ikinyesha, ndiyo kazi ya koti.

Mama yako


17 Oktoba, Jumamosi

Shikamoo Mama,

Natumaini wote wazima na paka amerudi. Mpishi anakusalimu, anauliza kama unashonea na watu wanaosuka nywele vibaya.

Kifurushi kimefika juzi. Leo imenyesha tangu alfajiri. Boti hazikuondoka, kwa hiyo tulizunguka ziwa kwa miguu, saa moja na nusu. Ngazi za mawe zilikuwa zinateleza na hapakuwa na mtu mwingine. Hapo ndipo Mpishi alipopiga picha. Gauni la kijani liko ndani, halionekani, utaniamini tu. Bandeji imetoka, mkono wa koti unapwaya, bado sijaupunguza. Kuna mtu dukani aliniuliza, "Nani amekushonea?" Mmoja tu, usiwaambie benchi ni kumi.

Nilitafuta mfuko wa kulia mara mbili. Ndiyo maana kwenye picha mkono uko hapo ulipo. Niliitazama kwa muda mrefu kabla ya kuitia kwenye bahasha. Ukitaka kuitundika, itundike.

Kazini bado hawajanijibu. Nimewaandikia kuhusu ile ripoti, kwa kushoto, kurasa mbili. Siku nyingine naamka bado nasikia vile vidole vinawasha. Sikufichi tena, lakini pia sina mengi ya kusema juu ya hilo.

Nitarudi, Mama. Siku sikutajii, unajua sisi na siku. Nakupa kipimo. Mwezi wa saba nilipokuwa nafungua kiganja cha kulia, kutoka kidole gumba mpaka cha mwisho zilikuwa inchi tatu. Asubuhi hii nimepima tena, Mpishi ameshika tepu. Ni nne na robo.

Mwanao